Ngamia Hulia Siku ya Jumatano

Ngamia alianza kulia saa nne na robo asubuhi, kama alivyolia Jumatano iliyopita na Jumatano iliyoitangulia hiyo. Alikuwa ngamia wa kitambaa, mwenye kope za manyoya meusi, na mkono wa mwanamke uliojificha shingoni mwake ulimtikisa kwa huzuni ile ile, katika kanisa la tatu sasa. Watoto waliokaa sakafuni walinyamaza. Ngamia amepotea jangwani, msafara umemwacha; nani atamsaidia? Mimi nilisimama nyuma ya ukumbi nikiwa na chupa ya maji aliyoisahau mdogo wangu, nikimtafuta Junia katika safu za watoto wa umri wake, na sikumwona.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Leo niko mwaka wa tatu wa chuo kikuu, nasomea elimu, na kila muhula hakosekani mhadhiri anayetutaka tueleze mtoto hujifunzaje. Mimi huandika majibu marefu yenye marejeo ya kutosha. Jibu ninalolijua bila kulitafuta maktabani ni la kiangazi kile cha Kansas, nami sijawahi kuliandika hadi sasa.

Sisi tulisomea nyumbani. Mama alinifundisha kusoma kwenye meza ya jikoni, na miaka saba baadaye akamfundisha Junia kwenye meza hiyo hiyo, ambayo tayari nilikuwa nimeichora ramani ya mito kwa kalamu isiyofutika. Kila Jumanne tulikutana na familia nyingine tatu katika ukumbi mmoja mjini. Wazazi walifundishiana watoto, mmoja sayansi, mwingine kuchora, na mchana tulikula mikate ya siagi ya karanga kwenye nyasi. Niliamini kwa moyo wote kwamba hakuna elimu iliyo huru kuliko hiyo. Halafu mwezi Machi ushirika ule ukavunjika. Familia moja ilihamia Oklahoma, na mbili zilizobaki ziligombana kuhusu kitabu cha aljebra hadi wazazi wakaacha kusalimiana dukani. Junia alikuwa na miaka kumi. Nyumbani aliendelea kuongea kama redio. Nje, mbele ya watoto wenzake, alifunga mdomo kama mtu aliyebeba maji ndani yake.

"Shule inafunguliwa tarehe kumi na nne Agosti," Mama aliniambia jioni moja ya Mei. Bado alikuwa amevaa sare yake ya kliniki ya mifugo, alikoanza kufanya kazi asubuhi baada ya Baba kupunguziwa saa kwenye maghala ya ngano. "Ikifika siku hiyo Junia hana rafiki hata mmoja, namwandikisha."

"Mama, mtoto hapimwi kwa idadi ya marafiki."

"Mimi simpimi, namsikiliza. Jana alikuwa anamsimulia mbwa wa jirani historia ya Misri."

"Na mbwa akafanyaje?"

"Alilala, Tirza. Hata mbwa alilala."

Nilimwomba anipe kiangazi chote. Nilimwambia nitampeleka Junia kila mahali penye watoto, wala sitamwomba pesa ya kambi ya farasi wala ya kambi ya muziki, kwa kuwa nilijua haipo. Alinitazama, akanipa funguo za gari.

Sikujua bado jinsi kitu cha bure kinavyoweza kuwa na milango mingi. Ukumbi wa bowling, mchezo wa kuangusha pini kwa tufe zito, ulitoa michezo miwili bure kwa siku kwa kila mtoto, ila viatu ni vya kukodi, na bila viatu vyao hukanyagi sakafu yao. Maktaba ilikuwa na kadi moja ya kuingilia jumba la makumbusho kule Wichita; niliandika jina letu kwenye foleni, nikaambiwa zamu yetu itakuwa Septemba. Bwawa la manispaa lilifunguliwa bila malipo Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na Ijumaa ya kwanza ya Juni ilikuja na radi, mlinzi akapuliza filimbi kabla Junia hajalowa magoti. Matembezi ya kutambua ndege aliyapenda mno, akajaza kurasa kumi na moja za daftari, lakini mtu aliyemkaribia kwa umri alikuwa mstaafu wa miaka sitini na mbili.

Saa ya michezo ya maktaba ndiyo iliyoniumiza zaidi. Watoto walikuja wakiwa wameshajuana, makundi makundi, kama mbegu zilizoganda.

"Unasoma shule gani?" msichana mmoja alimwuliza Junia.

"Nyumbani."

"Kwa hiyo unavaa nguo za kulalia darasani?"

"Mwalimu wako akikasirika anakunyima chakula cha jioni?" mwingine akadakia, wakacheka. Haukuwa ubaya mkubwa, kicheko cha kawaida tu cha watoto wenye joto. Junia aliinamia meza akajenga mnara wake peke yake, na alipoumaliza aliubomoa kipande kwa kipande, akavirudisha vyote sandukuni kwa mpangilio wa rangi. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu, nikijifanya nasoma. Nilitamani kuwaendea na kuwaambia wote kwamba huyu anajua mzunguko wa mwezi kwa tarehe. Ningewaambia nini tena? Wasingejali, na walikuwa na haki ya kutojali.

Ndipo yakaja makanisa. Mjini kwetu kila kanisa huwa na juma moja la Shule ya Biblia ya Likizo: asubuhi tano, nyimbo, kazi za mikono, biskuti, bila malipo. Makanisa hupanga majuma yao yasigongane, na wazazi wasio na fedha za kambi huyafuata moja baada ya jingine, kwa Wamethodisti, kwa Wabaptisti, kwa Walutheri, bila kusumbuliwa na tofauti zao juu ya ubatizo. Kila mtu anajua jambo hili na hakuna anayelisema. Ambacho sikukijua mimi ni kwamba mwaka ule makanisa yote yalikuwa yamenunua vifaa vya mchapishaji mmoja. Juma la kwanza Junia alirudi na kengele ya karatasi ya ngamia. Juma la pili alirudi na kengele ya karatasi ya ngamia. Jumatatu ya juma la tatu alishuka kwenye gari taratibu, akainusa hewa ya mlangoni, akasema, "Gundi ile ile."

Nilikuwa nahangaika kupata kivuli cha kuegesha gari, nikamwambia atangulie kujiandikisha mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Sasa, Jumatano, ngamia akiendelea kulia, nilimwendea mama wa mapokezi. Kifuani alikuwa na kibandiko kilichosema Bi. Stukey.

"Samahani, mama. Mdogo wangu Junia simwoni kwa wenzake."

"Junia mrefu? Yuko mbele kule, mpenzi. Na Nyota Wadogo."

"Nyota Wadogo ni watoto wa miaka minane."

"Nilimwuliza amemaliza darasa la ngapi. Akaniambia inategemea somo." Aliivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Foleni ilikuwa imefika nje. Nikamwambia, chagua somo moja, mwanangu. Akasema hesabu yuko kitabu cha pili. Nikaandika la pili."

"Kitabu cha pili si darasa la pili. Ni kitabu cha sehemu na desimali."

"Mimi ningejuaje? Ninyi wa nyumbani mna kalenda yenu."

Mtoto wa shule akiulizwa darasa ni kama kuulizwa jina. Sisi hatukuwa nalo. Katika makanisa mawili ya kwanza nilikuwa nimeijaza fomu mwenyewe, nikaandika darasa la nne, uongo mdogo wa kurahisisha mambo. Junia, alipoachwa peke yake na swali, alisema ukweli, na ukweli ukamkalisha na watoto wanaojifunza kufunga kamba za viatu. Siku tatu alikuwa amekaa pale bila kuniambia. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilipita kando ya ukuta kuelekea mbele nikiwa nimeshatunga maneno ya kumtoa pale, makali, yenye adabu, yatakayosikika hadi safu ya nyuma.

Vichwa viwili vilijitokeza juu ya wengine, kama mabua mawili ya mahindi yaliyoota katika shamba la soya. Kimoja kilikuwa cha Junia. Kingine kilikuwa cha msichana mwenye nywele nyekundu na goti lenye bandeji.

"Sasa atauliza nani ameiona kengele yangu," msichana yule alinong'ona.

"Nani ameiona kengele yangu?" alilia ngamia.

"Subiri," Junia akanong'ona. "Hapa mkono wa yule mama unachoka. Angalia shingo. Anabadilisha mkono."

Ngamia alipinda kidogo, akatoweka, akarudi akiangalia upande mwingine. Walizika nyuso zao magotini, mabega yakiwatikisika.

"Wewe umefanya makanisa mangapi?" msichana aliuliza alipopata pumzi.

"Hili la tatu."

"Mimi la nne. Kule kanisa la Hadley ngamia hana jicho moja."

"Muongo."

"Haki ya Mungu. Wameweka kifungo cha koti."

Nilisimama pale na chupa ya maji mkononi. Bi. Stukey alikuwa amenifuata, akihema kidogo. "Basi nimhamishe?" aliuliza. "Nina nafasi kwa wakubwa."

"Hapana," nilisema. "Mwache alipo, tafadhali."

Msichana aliitwa Maren. Naye alikuwa wa nyumbani, kutoka mashamba ya upande wa kaskazini, na siku ya Jumatatu alipoulizwa darasa alimjibu Bi. Stukey kwamba yeye ni wa darasa la pili na la saba, kutegemea somo, Bi. Stukey akachukua lile dogo. Alhamisi wawili wale waliwasaidia Nyota Wadogo kukata kengele zao. Ijumaa waliimba nyimbo zote kwa sauti ya kwanza na ya pili, wakashangiliwa. Niliwatazama kupitia kioo cha mlango, na ninakiri kwamba furaha yangu haikuwa ya dada pekee. Nilikuwa nimeshinda. Tarehe ilikuwa ishirini na sita Julai, na meza ya jikoni ilikuwa yetu tena.

Kwenye gari, Junia alitoa mkono dirishani, akauacha upepo uupandishe na kuushusha.

"Maren anaanza shule tarehe kumi na nne," alisema.

"Maskini."

"Mbona amefurahi." Aliurudisha mkono ndani. "Nataka kwenda naye."

Nilizungumza kwa maili sita. Nilimweleza kuhusu kengele inayokatiza wazo katikati, kuhusu kuomba ruhusa ya kwenda chooni, kuhusu watoto ishirini na sita na mwalimu mmoja. "Watakupanga kwa umri tu, Junia, kama mayai. Utasoma unachokijua tayari, kwa sababu wengine hawajakijua."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa tabia yake, kumwacha mtu amalize.

"Dada," alisema, "nimemsikiliza ngamia mmoja makanisa matatu. Juma la tatu ndilo lilikuwa zuri."

Sikumwambia Mama. Kwa siku tisa sikumwambia. Nilimwomba Junia asubiri nitafute wakati mzuri, naye aliniamini, jambo ambalo hadi leo hunifanya niangalie chini. Siku hizo nilihangaika kuliko Juni na Julai kwa pamoja: nilipigia simu maktaba za kaunti mbili, nikabandika tangazo dukani la kuanzisha ushirika mpya wa Jumanne, nikamwandikia mama yake Maren barua ya kurasa nne kuhusu uhuru wa mtoto. Barua sikuituma. Tangazo lilimleta mtu mmoja, bibi aliyetaka kujua kama tunakubali wajukuu wa miaka miwili. Kila asubuhi Junia aliuliza kwa macho, na kila asubuhi nilimpa shughuli.

Siku ya kumi nilimfuata Mama kazini. Alikuwa nje ya mlango wa nyuma wa kliniki, amekaa juu ya gunia la chakula cha mbwa, anakula tufaha. Nilimwambia yote, pamoja na zile siku tisa.

Hakukasirika. Alimalizia kutafuna, akaitazama barabara.

"Unajua kwa nini nilikupa tarehe?" aliuliza.

"Ili nijitahidi."

"Nimefundisha miaka kumi na miwili, Tirza. Nimechoka. Nilitaka mtu mwingine aniambie kwamba inatosha. Nilidhani katikati ya Juni utakuja kusema imeshindikana, nami nitasikitika kidogo, halafu nitalala."

"Ningewezaje kusema imeshindikana?"

"Hicho ndicho nilichokisahau," alisema. "Nilisahau ni nani ninampa funguo." Akanikatia kipande cha tufaha kwa kisu chake, nikakila. Nilikuwa nimeilinda meza ile kiangazi kizima dhidi ya watu wawili waliotaka kuinuka, na katika mawazo yangu yote kuhusu uhuru sikuwa nimewauliza.

Tarehe kumi na nne Mama alimpeleka. Kumrudisha ilikuwa zamu yangu. Nilifika mapema mno, saa tisa kasoro dakika kumi, nikaegesha karibu kabisa na mlango na kuzima injini, nikishangaa kwamba nafasi nzuri kama ile imebaki wazi. Baada ya muda mwanamume mwenye fulana ya rangi ya chungwa aligonga kioo.

"Dada, hapa ni pa mabasi. Wazazi wanapanga foleni kule, wanazungukia nyuma." Alinyoosha kidole kwenye msururu wa magari ambao, kumbe, ulikuwa umefika barabara kuu. "Mgeni hapa?"

"Ndiyo," nilisema.

"Utazoea. Wote wanakosea siku ya kwanza."

Nilirudi nyuma, nikazunguka, nikawa gari la mwisho. Kengele ililia. Watoto walimwagika mlangoni, na mimi nilikuwa nikiwakagua mmoja mmoja kwa hofu nilipomwona Junia akija kando ya msururu, mkoba ukimpigapiga mgongoni, Maren ubavuni mwake na msichana wa tatu nisiyemjua akitembea kinyumenyume mbele yao ili asipitwe na neno. Junia alikuwa anasimulia jambo kwa mikono yote miwili. Alipita mbele ya boneti bila kuniona.

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya honi. Niliuondoa, nikangoja amalize sentensi yake.