Maji ya Wageni

Tangu alfajiri Kanze, mhadhiri wa chuo kikuu, alikuwa na hofu, hata chai ilimshinda. Leo Daktari Munee, mkaguzi wa tafiti za vyuo vikuu, alikuwa amefika kijiji cha Bodo kuipima mashine yake ya kuondoa chumvi katika maji ya kisima. Ikifeli, mradi wa miaka mitatu unafungwa. Ikifaulu, Jumatatu inapelekwa zahanati, watoto wachanga wakorogewe maziwa kwa maji yake.

Na wiki mbili nyuma, kichujio kilikuwa kimeanza kupitisha chumvi. Alikibadilisha bila kupima tena, akamwomba Mungu, akanyamaza. Ndiyo, alinyamaza! Nani angejichongea mwenyewe?

Munee alitumbukiza kipimo kwenye glasi ya maji yaliyotoka mashineni. Kanze hakuweza kutazama, akavikodolea macho viatu vya mkaguzi.

"Safi kabisa," alisema Munee. "Hongera, mwalimu."

Mama Shutu, mzee wa hapo kijijini anayeitunza mashine, akamsogelea Kanze na kumnong'oneza.

"Umeona, mwanangu? Sikukuaibisha. Yale ya chumvi hapewi mgeni, astaghafirullah! Nimeyamwaga yote, tangi la mashine nikalijaza maji matamu ya kununua kwa mkokoteni."

Kanze akaelewa. Kumbe mashine haikupimwa kitu. Munee alikuwa ameshatoa kalamu, na Mama Shutu anatabasamu. Kunyamaza tena kungekuwa rahisi mno. Kisha akawaza kinywa cha mtoto wa siku tatu.

"Daktari, usitie sahihi." Kanze alisema. Akaeleza yote, na kichujio pia.

Munee alifunika kalamu. "Basi yaletwe ya kisimani."

Yakaletwa, yakamiminwa tangini. Nusu saa Kanze alisikiliza matone yakidondoka. Kipimo kilipozamishwa, tarakimu zilipanda, zikapanda, wala hazikutaka kusimama. Munee alionja funda moja, akakunja uso.

"Chumvi," alisema, akaanza kukunja karatasi zake.

Kanze alikaa chini pale pale mchangani. Mama Shutu akamjia Munee mbio, glasi ya kwanza mkononi, sura imesawijika kwa aibu.

"Usinywe hayo, baba! Hayo ni yetu sisi. Ya wageni haya hapa."