Swali la Kumi na Saba

Mwalimu Tak Myeong-ja alikuwa amefundisha Kiingereza miaka ishirini na sita katika sekondari ile ya wasichana mjini Daegu, na hakupenda kusahihishwa na mtu yeyote, sembuse na Bong Se-ra, mwalimu wa mkataba aliyeajiriwa mwaka juzi. Kwa hiyo Jumatatu ile, alipomsukumia Se-ra karatasi juu ya meza, hakuwa akimwomba.

"Weka sahihi hapo chini. Nina kipindi."

Se-ra akaisoma kwanza. Katika mtihani wa nusu muhula, swali la kumi na saba liliwataka wasichana wajaze neno moja la Kiingereza, lile la "funga": tafadhali funga dirisha, baridi inaingia. Jibu la Tak lilikuwa "close". Gil Ye-rim aliandika "shut", akakoseshwa, na alama tatu za swali hilo zikamwangusha kutoka daraja la kwanza. Mama yake akakata rufaa. Sasa karatasi ilisema walimu wote wanne wa Kiingereza wamekubaliana kwamba jibu ni moja tu. Sahihi tatu zilikuwa zimeshawekwa.

"Lakini mwalimu, yote mawili ni kufunga."

"Kitabu kinasema close. Shut ni la kufokea watu. Hujasikia wanavyonyamazishana?"

"Hapo linafuatwa na neno jingine, up. Na hapa kuna tafadhali."

Tak akavua miwani. "Umeosha vyombo Australia miezi kumi, ndiyo umekuja kunifundisha mimi?"

Mtu akacheka chinichini nyuma ya kikombe. Se-ra akahisi masikio yanawaka. Ni kweli aliosha vyombo, na mwenye mgahawa kila siku alimkumbusha afunge jokofu kwa neno hilohilo la Ye-rim, wala hakuwa akimfokea. Aliirudisha karatasi bila sahihi.

Kesho yake Yeom, Makamu Mkuu wa shule, akawaita wote wawili ofisini. Mama Ye-rim alishaketi, koti hajavua, kamusi tatu mapajani.

"Nani kati yenu aliyemkosesha mwanangu?"

"Mama, tusifike huko," Yeom alisema.

"Tumeshafika. Mtoto hali chakula tangu Ijumaa."

"Aliyenisikiliza darasani hakukosa," Tak akasema.

"Kwa hiyo kamusi hizi zote hazikukusikiliza?"

Yeom akamgeukia Se-ra. "Mwalimu Bong, umebaki wewe. Jibu ni moja au mawili?"

Mkataba wa Se-ra ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ripoti yake iliandikwa na Tak.

"Ni mawili."

Swali likasahihishwa upya. Ye-rim akapanda, na kwa kuwa nafasi za juu zina idadi maalumu, wawili wakashuka. Kufikia Alhamisi simu za wazazi zilikuwa zikimtafuta Se-ra, si Tak.

"Binti yangu aliandika alichofundishwa," baba mmoja alimwambia. "Wewe umemwadhibu kwa kosa gani?"

Msichana yule hakuwa na kosa lolote.

Mama Ye-rim naye hakuja kushukuru. Alimkuta langoni, akamtazama juu hadi chini. "Kama ulijua, mbona hukusema kabla ya mtihani? Karatasi hukuipitia?"

Alikuwa ameipitia. Swali la kumi na saba alilisoma, likamjia "close", akafungua ukurasa mwingine. Hapo langoni ndipo aibu ilipompata, kuliko hata siku ile Tak alipomtajia vyombo.

"Niliipitia," alisema. "Sikuliona."

"Basi nyote ni walewale," mama akasema, akaenda zake.

Chumba cha walimu hakikumsamehe. Walikwenda kula bila kumwita, naye akala peke yake. Wiki mbili baadaye Tak alimtupia rasimu ya mtihani wa mwisho.

"Pitia. Neno kwa neno. Likitokea kosa lingine, ni lako."

Se-ra akachukua kalamu nyekundu. Kabla ya kengele alikuwa amezungushia maswali manne, likiwemo moja alilolitunga mwenyewe, akairudisha mezani kwa Tak.

Tak akaisoma akiwa amesimama. "Matatu," alisema kwa ukali. "Hili la nne umekosea wewe."

Akavuta kiti. Wakaanza kubishana.