Ugali wa Kiasi cha Ngumi

Katika boma la Mama Jael, upande wa Sigalagala, sahani ya mgeni hujaa na ya mke wa mwana hufurika. Kuacha chakula ni kumwambia mpishi kwamba unauogopa mkono wake. Na tangu mwanawe Clifford afe ghafla, jioni akiwa mzima na alfajiri akiwa maiti, kulikuwa na watu waliokuwa wakimtazama mama yake kwa pembe ya jicho, kama mtu aliyemtilia kitu chakulani.

Beverlyne, mjane wa Clifford, aliyajua hayo. Kwa hiyo alikuwa akimaliza kila alichopakuliwa, akanenepa mpaka ngazi za kanisa zikawa kazi. Unene wenyewe haukumsumbua. Kilichomnyima usingizi ni Oliver, mwanawe wa miaka tisa, ambaye miguu yake haikuwahi kumbeba. Kila asubuhi ilibidi amwinue kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake cha magurudumu, na mtoto alizidi kukua. Mwezi wa nne walianguka wote wawili.

"Shemeji," Philemon, kaka yake Clifford, alimwambia mbele ya wazee, "hii likizo ya Agosti ikiisha na bado humwezi, tumpeleke kwa kituo cha watoto huko Eldoret. Sisemi kwa ubaya."

Ndipo Beverlyne akaenda kwa Cheptoo, anayefundisha wanawake kunyanyua vyuma katika chumba cha mabati nyuma ya soko la Kakamega. Akaona ni busara apungue kwanza. Akawa anashinda na strungi, chai isiyo na maziwa, kutwa nzima, ila usiku sahani ya mkwewe hakuweza kuikwepa. Siku moja kizunguzungu kikamkalisha chini, chuma bado mkononi.

"Umekula nini leo?" Cheptoo aliuliza.

"Chai ya rangi."

"Na jana usiku?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na ugali."

Cheptoo alicheka kidogo, kisha akachuchumaa mbele yake. "Mama Oliver, wewe hukuja hapa kukonda. Ulikuja kutafuta nguvu. Ukijinyima hivi, mwili unaanza kula hata misuli. Kila ukikula, kuwe na kitu ya kujenga: yai, maharagwe, omena, kuku. Mboga mingi. Ugali usiache, punguza tu. Ikuwe kama hiyo ngumi yako."

Beverlyne aliitazama ngumi yake. Katika boma lile hata mtoto hakupewa ugali mdogo hivyo.

Jioni hiyo Mama Jael alipakua obusuma, ugali wa kwao, kama kawaida, kilima cheupe kinachofuka moshi, na mboga ya mrenda na dagaa wa omena kando. Philemon alikuwapo. Beverlyne alikula omena yote na mboga yote, akamega ugali wa kiasi cha ngumi, akanawa mikono.

"Mama Oliver," Mama Jael alisema polepole, "kuna kitu kwa hiyo ugali?"

"Hapana, Mama. Nimeshiba."

"Mtu wa mwili kama wako hashibangi na kipande."

Philemon alianza kucheka, akaacha.

"Ni mwalimu wa mazoezi, Mama, amesema..."

"Amesema usikule chakula yangu."

Mama Jael akanyoosha mkono juu ya meza, akamega kutoka sahani ya Beverlyne, akameza akimtazama usoni. Akamega tena.

"Umeona? Bado niko hai."

Mungu wangu, Beverlyne aliomba kimoyomoyo, nikila nampoteza mtoto, nisipokula namzika mama huyu angali hai. Akavuta sahani, akala ugali wote, mpaka makombo.

Kuanzia hapo aliibeba mizigo yote miwili. Mchana, mjini, alikula mayai ya kuchemsha na maharagwe, kisha akaenda kwenye vyuma. Usiku alimaliza kilima. Kiuno hakikupungua hata kidogo. Mapaja ndiyo yaliyoanza kukaza.

Likizo ilipokaribia kuisha, Philemon alisimama mlangoni pa chumba cha Oliver. "Haya, shemeji. Tuone."

Beverlyne alichuchumaa alivyofundishwa, mgongo wima, akamkumbatia mtoto, akasukuma kwa miguu. Mtoto akapanda. Akageuka polepole, akamketisha Oliver kitini.

"Mama, hukuwa unapumua," mtoto alisema.

"Sawa," Philemon alisema. "Muhula huu abaki. Lakini anakua, shemeji. Desemba tutaona tena."

Mama Jael alikuwa ameyaona yote kupitia dirisha. "Hiyo nguvu umetoa wapi?" aliuliza, Philemon alipokwisha kuondoka.

"Kwa mayai, Mama. Na maharagwe."

Jioni Mama Jael alileta sahani mwenyewe. Juu yake kulikuwa na mayai mawili, maganda yamekwisha kuambuliwa. Chini ya mayai, kilima kilekile.

"Kula," alisema, akavuta kiti karibu. "Mtu wa kubeba mtoto hatoshekangi na mayai tupu."

Beverlyne aliinamisha kichwa akaombea chakula, sala ndefu kuliko kawaida. Alipofungua macho, mkwewe alikuwa bado anautazama mkono wake. Beverlyne akamega ugali.