Mpaka Ulionipa Lango

Mwaka wa tisini na sita, tume ya mipaka ilipokuja Rongo, mimi nilifurahi kuliko wanasiasa wote. Kiti sikukitaka. Nilitaka lango langu mwenyewe. Tangu niolewe nilikuwa naishi katika boma la mama mkwe, Marcella, ambaye akisikia tu harufu ya samaki wangu anajua nimetia nyanya ngapi. Mume wangu, Ogweno, kila mwaka aliniambia, "Tutahama, Phelesia. Subira huvuta heri." Hiyo heri labda ilivutwa na konokono.

Sasa Ogweno alitaka udiwani. Siku hiyo alitoka kwenye mkutano wa tume jasho likimtiririka. Wadi itakatwa mtoni, na watu wake wa kumpigia kura wote wako ng'ambo.

"Basi tuhamie ng'ambo," nikasema. "Si una shamba pale?"

Aliuangalia mto kwanza, halafu mimi. "Kesho kutwa," akasema.

Wacha wee! Kwetu Wajaluo boma jipya lina utaratibu wake. Alfajiri baba mkwe alitangulia, Ogweno akafuata na shoka, kifungua mimba wetu Cliff akabeba jogoo, mimi nikabeba moto kwenye kigae. Majirani wakaja kusaidia, na kabla jua halijazama nyumba yangu ilikuwa imesimama, udongo bado mbichi. Tukalala humo humo, maana ndiyo sheria. Ukishalala boma lako, hurudi tena kulala kwa baba yako. Nilicheka gizani peke yangu, raha imenijaa hadi kooni.

Wiki iliyofuata chifu aliita baraza. Mpaka umesogezwa kutoka mtoni hadi barabarani. Barabara inapita mbele ya boma letu jipya, na wapiga kura wa Ogweno wako upande wa pili. Mto tulikuwa tumeuvuka bure.

Ogweno alikaa juu ya gogo, kofia mkononi.

"Tuvuke na barabara," akasema.

"Huko una shamba?"

Akaigeuzageuza kofia yake.

"Basi turudi kwa mama."

"Jogoo ameshawika hapa, Baba Cliff. Mwiko utauvunja wewe?"

Akairudisha kofia kichwani. Nilimwonea huruma, kweli kabisa, lakini furaha yangu haikupungua hata chembe. Nikampa shoka. Akakata miti ya lango huku amenuna, nami nikamwonyesha pa kuisimika: liangalie barabara, ili watu wake wakienda kumchagua mwingine, angalau watusalimie.