Silabi Moja

Masina alikuwa mchambuzi wa takwimu za sensa katika ofisi ya mipango mjini Auckland. Katika ripoti yake aliandika hivi: "Ili Wasamoa wasambae jijini sawasawa na wengine, nusu yao wangelazimika kuhama." Kwa wataalamu, sentensi hiyo ilimaanisha tu kwamba utengano ni mkubwa. Haikumshauri mtu yeyote afunge mizigo.

Prentice, mkuu wake, aliisoma akiwa amesimama.

"Nusu tu? Basi hili linawezekana."

"Bosi, hicho ni kipimo. Hakuna anayehama."

"Acha uoga, Masina. Tunataka mitaa iliyochanganyika, nawe umetupa hesabu. Tutaanza na wapangaji wa nyumba za serikali."

"Na mtaa wa Remuera, unakokaa wewe? Mbona huko ni Wazungu watupu?"

"Ah, wale wana hatimiliki."

Katika toleo la mwisho, "wangelazimika" ilikuwa imegeuka "watalazimika". Jina la Masina lilibaki jaladani, kwa herufi kubwa.

Baraza la jiji lilipitisha mpango huo bila mjadala wa maana. Kabla mwaka haujaisha, maofisa walifika mtaa wa Māngere, kwenye nyumba ya serikali alimozaliwa Masina na ambamo Fetuao, mama yake, alikuwa bado akiishi, jirani na kanisa lake.

"Wananipeleka ng'ambo ya bandari," Fetuao alisema, akimenya magimbi bila kuinua macho. "Eti hapa Wasamoa tumezidi. Tumemzidi nani, mwanangu?"

"Wamekosea, mama. Nitazungumza nao."

"Zungumza na aliyeandika. Ile ripoti niliitembeza kanisani kwa maringo, kila mtu asome jina lako. Mchungaji akakuombea. Sasa naye anahama."

Kesho yake Masina alimwomba Prentice auondoe mtaa ule kwenye mpango.

"Kwa sababu mama yako anakaa hapo? Huo si upendeleo huo?"

Fetuao alihamishwa. Sensa iliyofuata ilipotoka, Masina alifungua ramani ya makazi ya Wasamoa. Ng'ambo ya bandari, katika mtaa uliokuwa mweupe wote, palikuwa na nukta moja ya rangi. Akampigia simu.

"Majirani wakoje, mama?"

"Wapole. Wakinikuta barazani kwangu huniuliza nimekuja kumfanyia nani usafi."

Masina alikata simu, akarudi kwenye ripoti mpya, akaandika kwamba utengano umepungua. Hesabu ilikuwa sahihi.