Pete ya Shingo

Verlin Hostetter alikuwa na mazoea ya kufumba macho kila alipokandamiza kichwa cha risasi kuingia kwenye ganda lake. Wenzake wa kulenga shabaha, katika banda la kujazia risasi, walikuwa na vipimo vya kila namna. Yeye alikuwa na kiganja. Shingo ya ganda ikikibana kichwa kupita kiasi, alijua. Ikikilegeza, alijua pia, na ganda hilo lilitupwa kwenye kopo la kahawa bila mjadala. Miaka nenda miaka rudi, katika vilima vile vya Pennsylvania, matundu ya risasi zake yalipandana kwenye karatasi ya shabaha hadi yakaonekana tundu moja, na watu wakasema siri ya mzee imo mkononi. Hawakukosea.

Kisha mkono huohuo ukapigwa na kiharusi. Ulirudi, ndiyo, ukashika kikombe na usukani, na mtu akimuuliza hali mzee alimkunjia ngumi puani. "Chuma hiki! Unataka kujaribu?" Lakini binti yake Ardith, aliyehamia kwake kumtunza, ndiye aliyemfunga bendeji siku aliposhika sufuria ya moto akaendelea kusimulia habari za mvua kana kwamba hakuna kitu. Mkono ulikuwa na nguvu. Kuhisi ndiko kulikokwenda.

Ardith hakusema, kwa sababu ya neno moja alilolitamka baba yake mezani, wiki waliyomzika mama. "Siku mkono huu utakaponidanganya, nauza bunduki." Mzee hakuwa mtu wa kusema ovyo. Na bila bunduki angebaki na nini? Siku za kazi alikaa dirishani akiwa amejikunyata, chai ikipoa mbele yake. Siku ya mashindano alinyoa ndevu.

Jumamosi hiyo jua liliwaka tangu asubuhi. Mzunguko wa kwanza wa mashindano ulipokwisha, wote walirudi bandani kuyajaza upya maganda yaleyale waliyotoka kuyafyatua, maana huo ndio mchezo wao: unafyatua, unajaza, unarudi mstarini. Gaylen Rusk, mpinzani wa Verlin tangu ujana wao, alikaa meza ya pili akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda yake kwenye kikombe.

"Verlin, naona unafumba macho. Unasali au umesinzia?"

"Nakuombea wewe, Gaylen. Ile karatasi yako ya asubuhi nilidhani imepigwa na mvua ya mawe."

"Ulikuwa upepo!"

"Kwako upepo hauishi. Hata ndani ya banda unavuma."

Watu wakacheka. Ardith naye akacheka, na moyo ukamtulia kidogo. Mzee alifungua kalibu, kile chuma cha kurudishia maganda umbo lake, akakwangua masizi, akaifuta, akaifunga tena, akaanza kupitisha maganda. Ganda likishafyatuliwa shingo yake hutanuka. Ndani ya kalibu hukaa pete ndogo ya chuma inayoikaza tena, ili ikishike kichwa kipya. Alipitisha moja baada ya jingine, akatia baruti, akakandamiza vichwa, macho kayafumba, na kila kimoja akakiitikia, "Naam." Alipomaliza akaenda kutafuta kahawa.

Ndipo Ardith akaiona pete. Ilikuwa juu ya kitambaa cha kufutia, kando ya chupa ya mafuta.

Alichukua risasi moja kutoka kwenye kibao alichopangia baba yake, jambo ambalo hapo hakuna anayelifanya, hata mke kwa mumewe. Akakizungusha kichwa. Kilizunguka vidoleni mwake kama kifungo cha shati kinachokaribia kung'oka. Akajaribu nyingine, na nyingine. Hakuna shingo hata moja iliyokuwa imekazwa, na mzee alikuwa ameziitikia zote.

Alipaswa kusema. Alilijua hilo wakati uleule, na baadaye hakuwahi kujidanganya kwamba hakulijua. Lakini alijiambia: zitalipuka tu. Komeo la bunduki likifungwa, kichwa kitajishikiza kwenye mwanzo wa mtutu. Matundu yatatawanyika kidogo, mzee atalaumu upepo kama wengine, na Jumamosi ijayo atanyoa tena ndevu. Akairudisha risasi. Akaitia pete kwenye kijikasha chake, akafunga kifuniko.

Mstarini Verlin alifyatua ya kwanza, akafyatua ya pili. Alikuwa ameshafunga komeo juu ya risasi ya tatu pale kipaza sauti kilipopiga kelele: "Acheni! Acheni kufyatua! Fungueni makomeo!" Paa jike na mtoto wake walikuwa wametoka msituni, wakavuka mbele ya shabaha bila haraka yoyote.

Makomeo yakafunguka mstari mzima. Verlin akavuta lake. Ganda likatoka bila kichwa, na baruti yote ikamwagika ndani ya bunduki, ikatiririka mezani, ikamwangukia mapajani. Kila mtu pale alijua maana yake: shingo haikukazwa. Ni kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Ardith alimngoja Gaylen aseme neno la mzaha, akatamani aseme, lakini Gaylen aliinuka, akaleta ufito wa kusafishia mtutu, akakisukuma kile kichwa kilichobaki mtutuni kwa uangalifu mkubwa.

Bandani mzee aliketi bila kuvua kofia.

"Pete iko wapi?"

"Kwenye kijikasha."

"Nani kaiweka?"

"Mimi, Baba."

"Kabla ya kwenda mstarini, au baada?"

Angeweza kusema baada. "Kabla."

Verlin akautazama mkono wake wa kulia, akaufungua na kuufunga. "Kwa hiyo ulijua, ukaniacha nikakae pale."

"Ulisema utauza bunduki."

"Nilisema mkono ukinidanganya. Sikujua mtakuwa wawili."

Ardith akalia waziwazi, mwanamke wa makamo mbele ya watu. Gaylen akageuza kiti chake upande wa ukuta. Ardith alidhani sasa baba yake ataanza kufungasha, na mzee kweli aliinua kijikasha. Lakini alitoa pete, akaitia kwenye kalibu kwa mkono wa kushoto, taratibu, akapitisha ganda, akatia baruti, akaweka kichwa juu ya shingo. Kisha akamshika binti yake kiganja, akakiweka kwenye mkono wa mashine ya kukandamizia, mbele ya wote.

"Fumba macho. Kandamiza. Unahisi nini?"

"Kinaingia vizuri, Baba."

"Sikuulizi ili unifurahishe."

Akavuta pumzi. Akakandamiza tena, polepole, na safari hii akasikiliza.

"Kinabana mno. Kinakwamakwama. Hii shingo imechoka."

"Kopo," mzee akasema.

Ardith akalitupa kwenye kopo, likagonga chuma. Verlin akaweka jingine. Yeye mwenyewe hakufumba macho. Alimtazama binti yake usoni, akingoja kuambiwa.