Kaseti Nyeusi Yafunguliwa Lahti

Saa nane mchana, Jumamosi, picha ya soko la Lahti, mji wa Finland, ilianza kuzunguka kwenye skrini ya ukumbi wa mashindano, wala haikukwama hata mara moja. Ilitoka kwenye mashine nyeusi ya michezo, ya zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Mshindani wake wa enzi hizo, mashine ya kijivu, ilitengenezwa ikiwa na saketi ya kuzungusha picha. Nyeusi haikuwa nayo, ila prosesa yake, chipu inayopiga hesabu, ilikuwa na kasi zaidi. Katika kila mkutano wa mashabiki, Outi Harjula alishikilia kwamba kasi hiyo inatosha kupiga hesabu zote za kuzungusha picha. Sasa alikuwa na ushahidi: picha aliichora yeye, programu akaiandika Tuure, rafiki yake tangu shule ya msingi. Mbele ya ukumbi mzima Outi alikuwa ametoa neno lake kwamba ndani ya kaseti yao, kijisanduku cha programu kinachochomekwa kwenye mashine, hamna chipu yoyote ya msaada.

Rauno, wa upande wa kijivu, alisogea hadi mezani kwao na kikombe cha kahawa.

"Dada Outi, mwaka jana hiyo mashine yako ilikuwa haizungushi hata feni. Leo imemeza nini?"

"Imemeza hesabu. Yako ina rangi nyingi, lakini inakwenda kama mtu aliyeshiba supu ya njegere."

"Sawa, supu. Ila humo ndani kuna chipu."

"Acha wivu, bwana."

"Si nyinyi mliotucheka kwamba michezo yetu inabebwa na chipu za kwenye kaseti?"

"Tulicheka, na tutaendelea kucheka. Ifunguliwe, uone mwenyewe."

Tuure aliweka mkono juu ya kaseti. "Anakuchokoza tu huyu. Haina haja."

"Ndiyo maana nataka ifunguliwe. Toa mkono."

"Outi, twende nje kwanza tuongee."

"Tutaongea akishanyamaza."

Saimi, mwamuzi wa mashindano, alichukua bisibisi. Ndani ya kaseti palikuwa na chipu ya kumbukumbu, kama ilivyotarajiwa. Kando yake ilichomelewa nyingine, ndogo, ya kisasa, namba zake zimekwanguliwa. Saimi aliiangalia kwa lenzi.

"Hii ni prosesa," alisema. "Hesabu inazipiga hii, si mashine."

Rauno hakucheka.

"Tangu lini?" Outi aliuliza.

"Tangu majira ya baridi," Tuure alisema. "Bila hiyo ilikuwa inakwama. Picha kumi na mbili kwa sekunde, basi."

"Ungeniambia ni kumi na mbili."

"Ulikuwa umeshawatangazia watu."

"Niliwatangazia kwa sababu wewe uliniambia imewezekana."

Outi alimgeukia Saimi.

"Iondoe kazi yetu kwenye mashindano. Andika kwamba mashine nyeusi peke yake inafikisha picha kumi na mbili."

Saimi alichukua kalamu. Kabla hajaandika, Outi alimzuia.

"Subiri. Tuure, kaseti ya kwanza iko wapi, ile isiyo na chipu?"

"Kwenye mkoba. Lakini namba nimeshakutajia."

"Itoe."

Saimi aliifungua kwanza, akahakikisha ndani mna chipu ya kumbukumbu tu, kisha akaichomeka kwenye mashine na kuunganisha kipimo. Soko la Lahti lilizunguka kwa kushtukashtuka. Rauno aliinama kusoma pamoja nao. Kipimo kilionyesha picha saba kwa sekunde.